Spika za Majina Makubwa, Zikitazamwa Kutoka Meza ya Fundi Tandika

Watu wakishajua kuwa wewe ni fundi redio, hawakuletei mashine mbovu tu. Wanakuletea na pesa ambayo bado hawajaitumia. Anakuja kijana wa bodaboda amevunja kibubu, anataka mziki wa maana kabla ya Sikukuu ya Idi. Anakuja mama wa Chamazi ambaye mwanawe yuko Marekani na ameahidi kumtumia spika. Anakuja mtumishi aliyestaafu, kiinua mgongo kimetoka, na kitu cha kwanza anachokitamani ni kuusikia muziki wa ujana wake ukiwa safi. Swali lao ni moja: hizi spika za majina makubwa, JBL, Bose, Sony, KEF, Bowers & Wilkins, zina thamani ya bei yake au tunalipia maandishi ya usoni?

Nilisomea elektroniki VETA Chang'ombe, nikafundwa kazi na mafundi wa Mwananyamala, na leo meza yangu iko Tandika, wilaya ya Temeke. Mashine ninazopokea zinatoka Mbagala, Buza na Yombo. Nyingine zinavuka mji mzima kutoka Tegeta na Mbezi Beach, upande wa Kinondoni. Jibu langu nalitoa mapema ili nisimzungushe mtu. Lipia jina pale ambapo ubora uko kwenye sumaku, koni na sanduku. Usilipie jina pale ambapo uhai wote wa mashine unategemea bodi ambayo ikifa hupati wa kuifufua hapa mjini. Nimelifikia jibu hilo kwa bisibisi, na nitaeleza nilivyolifikia.

Tuanze na sabufa, maana ndiyo mziki wa nyumba nyingi za huku kwetu. Ingia Kariakoo, pita Mtaa wa Aggrey, utaona katoni zimepangwa hadi dari, moja imeandikwa wati 8,000, nyingine 12,000. Pembeni kwa herufi ndogo pana herufi nne: PMPO. Hicho ni kipimo ambacho kila kiwanda hujipimia kinavyotaka. Sasa geuza mashine hiyohiyo, soma kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Utakuta kitu kama AC 220–240V, 50Hz, 45W. Mashine inayovuta wati 45 kutoka ukutani haiwezi kutoa 12,000. Haitoi hata hizo 45, kwa sababu sehemu yake inaishia kuwa joto.

Ukifungua skrubu na kuvuta bodi nje, mara nyingi utakutana na IC tatu za TDA2030 zimebanwa kwenye kipande cha aluminiamu. Karatasi ya kiwandani ya IC hiyo inasema inatoa wati 14 hivi kwenye spika ya omu 4. Jumlisha mwenyewe. Ni mziki wa wati arobaini siku njema, umeme ukiwa umetulia. Kwenye masanduku madogo ya pembeni utaona uso una spika mbili, moja ya kati na moja ya juu iliyozungushiwa pete inayong'aa. Nimefungua mengi ya namna hiyo nikakuta ile ya juu haina waya nyuma. Imegundishwa tu. Mteja amelipia twita, amepewa picha ya twita.

Hata hivyo siisemi vibaya sabufa, na fundi anayeidharau hajawahi kuitegemea kwa ugali wa watoto wake. Ina sifa moja ambayo mashine ya milioni mbili haina: inatengenezeka. IC yake iko kwenye kila duka la vipuri Kariakoo kwa bei ya soda chache. Transfoma ikiungua tunaisuka upya. Mama anayeuza genge anaileta asubuhi, jioni anaondoka nayo inapiga kaswida. Hilo nitalirudia huko mbele kwa sababu ndiko uzito wa hoja yangu ulipo.

Wati zenyewe si kitu cha kukimbilia. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua kwa shida kidogo. Ili usikie kama sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati mara kumi. Kipimo chenye maana zaidi ni kile cha usikivu wa spika, yaani inatoa desibeli ngapi ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 10 inapiga sawasawa na ya desibeli 84 iliyopewa wati 40. Kampuni za heshima huandika kipimo hicho. Katoni za wati 12,000 sijaona zikikiandika.

Basi spika ya jina, iliyotengenezwa kwa uangalifu, pesa yake imekwenda wapi? Gonga sanduku lake kwa kifundo cha kidole. Linajibu kwa mlio mfupi, mzito, kisha kimya. Sanduku jembamba la bei rahisi linaendelea kulia baada ya kidole kuondoka, na mlio huo ndio utakaousikia umechanganyika na kila wimbo. Ndani ya lile zuri kuna mbao za kukaza, kuna pamba ya kumeza mwangwi. Krosova yake, ile saketi inayogawa sauti nene na nyembamba, ina koili za shaba na kapasita kadhaa zilizochaguliwa kulingana na spika zenyewe. Kwenye za bei ya chini utakuta kapasita moja iliyochomelewa mgongoni mwa twita, basi. Halafu kuna koni na koili yake. Hapo ndipo uwezo wa kusimama unapoamuliwa.

Nasema kusimama kwa sababu mziki wa huku kwetu unaidai spika isimame kuliko mziki mwingine. Singeli, iliyozaliwa kwenye mitaa ya akina Tandale na Manzese na kurekodiwa kwenye studio ndogo za uswahilini kama Sisso pale Mburahati, inakwenda mapigo 200 kwa dakika na kuvuka, nyingine zinakaribia 300. Kwa mapigo 240 ngoma inapigwa mara nne kila sekunde. Koni nzito yenye sumaku dhaifu haijamaliza kutikisika kwa pigo la kwanza, la pili limeshafika. Unachosikia ni mvumo mmoja usio na vipande. Vijana huuita mziki mnene. Wakikaa mbele ya spika inayosimama, wanashangaa kugundua kuwa ndani ya wimbo wanaoujua kwa moyo kulikuwa na kinanda kinacheza.

Ninapopima spika mimi huanza na sauti ya mtu. Nafungua TBC Taifa, nasikiliza taarifa ya habari, spika moja tu ikiwa inapiga na ya pili nimeizima. Sikio la binadamu linaijua sauti ya binadamu tangu tumboni. Msomaji wa habari akisikika kana kwamba anaongelea ndani ya ndoo, au herufi s zikichoma, spika hiyo ina kasoro, iwe imeandikwa jina gani. Baada ya hapo natia taarab, nisikilize kama fidla na kodiani zinaachana.

Kuhusu jina lenyewe, kuna utafiti ambao kila mnunuzi anapaswa kuujua. Floyd Toole alianza kupima spika kisayansi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, akitumia wasikilizaji waliokaa nyuma ya pazia. Baadaye alihamia Harman, kampuni yenye JBL ambayo tangu 2017 inamilikiwa na Samsung. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wafanyakazi wa Harman. Wasikilizaji walipoziona spika, walizipa alama za juu zile kubwa, nzuri na za gharama. Pazia lilipowekwa, alama hizo zikashuka, na seti ndogo ya bei nafuu ikapanda. Hawa walikuwa watu wa kampuni inayotengeneza spika. Kama macho yao yaliwadanganya, yangu na yako hayawezi kupona.

Nimefanya jaribio kama hilo hapa kwa kutundika kitenge katikati ya karakana. Kazi ngumu ni kusawazisha sauti. Spika inayopiga juu kidogo tu huonekana bora hata kama ni mbovu, na wauzaji wanalijua hilo vizuri. Nasawazisha kwa kipima sauti cha kwenye simu, kisha nabadilisha waya bila kusema kitu. Jozi ya zamani ya Kijapani, mbao zimekwaruzwa, imewahi kuchaguliwa mbele ya saundibaa mpya kabisa na watu ambao, kitenge kikishaondolewa, walitaka kubadili jibu lao. Nami nikawaambia wasibadili. Masikio yao yalikuwa sawa. Utafiti wa Olive wa 2003 ulionyesha kuwa watu wasiosomea sauti walipendelea spika zilezile ambazo wasikilizaji waliofundishwa walizipendelea. Hili nalipenda sana, kwa sababu linamaanisha kuwa mama lishe wa Tandika ana haki ya kulisadiki sikio lake mbele ya muuzaji yeyote aliyevaa tai.

Chumba nacho kina neno lake, na pengine ndilo neno kubwa kuliko yote. Wapangaji wengi wa Temeke na Kinondoni wanaishi katika chumba cha kumi kwa kumi, futi kumi kila upande, kuta za tofali za saruji, sakafu ngumu, juu bati au jipsamu. Futi kumi ni mita 3 na kidogo. Katika hewa ya joto letu, wimbi la sauti linalotoshea sawasawa kati ya kuta hizo mbili liko kwenye Hz 57 hivi. Ndiyo palepale inapokaa besi. Na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, kuta zote nne zinalisukuma wimbi lilelile moja, zikilikuza, huku noti za jirani yake zikiachwa hivihivi. Ndiyo maana ukikaa kitandani besi inakugonga kifuani, ukisimama katikati ya chumba inapotea.

Weka hapo jozi ya KEF LS50 Meta, iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 1,500 hivi za Marekani, halafu uisukume kona kati ya kabati na ukuta. Itavuma kama spika nyingine yoyote, maana kona inaongeza besi kwa kila kinachowekwa pale. Uisogeze ikae mbali na kona, juu ya stuli ya kimo cha masikio, ikitazama unapokaa. Hiyo haikugharimu shilingi. Mwangwi unaofanya maneno yasisikike vizuri unapunguzwa na pazia zito, zulia, godoro lililoegemezwa ukutani, kabati la nguo lenye nguo. Mvumo wa besi pazia haliuwezi. Huo unapungua kwa kuhamisha spika na kuhamisha kiti mpaka upate mahali pake. Nimekwenda nyumbani kwa watu waliokuwa wanataka kuuza mziki wao wanunue wa bei mara tatu, tukahamisha samani mchana mmoja, wakabaki na mziki wao.

Na pale ukutani kuna jirani. Katika nyumba ya kupanga, besi haizuiliwi na tofali la inchi sita. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo, NEMC, wasimamizi wa mazingira, wanafungia baa, lakini chumbani kwako mlinzi wa jirani ni wewe. Hapa naipa spika nzuri sifa yake kamili: inasikika safi hata sauti ikiwa chini. Mtu anayeongeza sauti kila saa mara nyingi anatafuta maneno ya wimbo ambayo spika yake imeyameza. Akipata spika inayotamka, anashusha mwenyewe. Na masikio yanabaki salama, maana Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na sabufa ya kona ya chumba huvuka hapo bila mtu kujua.

Sasa umeme. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, mgawo umepungua, na nashukuru. Lakini kilio cha meza yangu si mgawo pekee. Ni umeme mdogo jioni watu wote wakiwasha, na ule mshtuko umeme unaporudi baada ya kukatika. Mashine nyingi za kisasa zina saplai inayomudu volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo zinauvumilia. Mshtuko ndio unaoziua. Kapasita inavimba, swichi ya saplai inapasuka, na wakati mwingine inaondoka na IC kubwa iliyo mbele yake.

Kwenye sabufa, kama nilivyosema, hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kwenye saundibaa ya jina kubwa habari ni nyingine. Nakumbuka moja iliyoletwa kutoka Mbezi Beach, ya bei ya kiwanja huko Mkuranga enzi zile. Nikafungua, saplai nikaitengeneza kwa vipuri vya kawaida. Ilipowaka, ikakaa kwenye taa nyekundu, kimya. IC iliyokuwa na akili ya mashine imeungua, ni ndogo kuliko ukucha wa mtoto, ina miguu mingi isiyohesabika kwa jicho, na hata ukiiagiza mpya China inakuja tupu, bila programu ya kiwandani. Kampuni haiuzi bodi hiyo peke yake. Muuzaji akasema waranti haihusu umeme. Spika zilizokuwa ndani zilikuwa nzuri mno, sumaku safi, koni nyepesi, lakini za ukubwa na omu ambazo hazikai popote pengine. Mwenye mali aliniuliza, "Kwa hiyo fundi, nimenunua nini?" Sikuwa na jibu la kumfurahisha.

Na hata isipoungua, inaweza kuzeeka kwa amri. Mwaka 2020 Sonos, kampuni ya spika za mtandao, ilitangaza kuwa baadhi ya mashine zake za zamani hazitapata tena masasisho. Mwaka 2024 ikatoa programu mpya ya simu iliyowasumbua wateja wake duniani kote, mpaka Januari 2025 mkuu wa kampuni, Patrick Spence, akaachia ngazi. Wateja hao wana intaneti ya uhakika nyumbani. Sisi wa bando la siku tunaingia kwenye mashine inayotaka mtandao ili iongeze sauti.

Linganisha na spika isiyo na umeme ndani, yenye waya mbili tu nyuma, nyekundu na nyeusi. Miaka ya 1970 BBC walibuni spika ndogo, LS3/5a, kwa ajili ya magari yao ya matangazo, wakatumia spika za KEF, kampuni iliyoanzishwa Kent mwaka 1961. Zile za wakati huo zilizotunzwa bado zinapiga, na watu wanazigombania kwa bei kubwa. Hakuna programu iliyozimwa. Hakuna bodi iliyoungua. Hapo jina limekuwa na maana kwa nusu karne.

Pwani hii nayo ina adui wake. Chumvi ya bahari inaleta kutu kwenye vikombe vya spika, hasa za Mbezi Beach na Kigamboni, na unyevu unaozesha ile sponji inayozunguka koni. Miaka kumi, kumi na tano, sponji inakuwa unga mikononi, na spika inaanza kukwaruza. Jina kubwa au dogo, sponji ni sponji. Ukinunua, chagua yenye mpira, hiyo inadumu.

Mzee mmoja mstaafu wa bandari aliniletea kwenye bajaji jozi ambayo sponji yake ilikuwa imeoza namna hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vijana nyumbani wanasema nitupe. Nikawaambia kwanza nimwone fundi."

Koni zilikuwa nzima, sumaku nzito kiasi cha kuhitaji mikono miwili. Sponji ndiyo ilikuwa imekwisha. Kazi yake haina haraka. Unakwangua sponji ya zamani kwa kisu butu, unafuta gundi kwa spiriti, unatoa kifuniko cha katikati kwa wembe. Kisha unakata vipande vyembamba vya filamu ya eksirei na kuvichomeka kuzunguka koili, ili ikae katikati ya sumaku bila kugusa ukuta. Unapaka gundi, unalaza sponji mpya, unasubiri hadi kesho yake. Ukichomoa filamu, unasukuma koni taratibu kwa vidole viwili huku umeinamisha sikio. Ikikwaruza, unarudia. Isipokwaruza, umeshinda.

Alitaka kuzijaribu kwa Sikinde, yaani Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978 na nyimbo zake nyingi zikarekodiwa studio za Radio Tanzania. Rekodi hizo hazina besi ya kutikisa bati. Zina magitaa: solo, ridhimu, sekondi solo, kila moja na njia yake, na tarumbeta zinazoingia kwa pamoja. Kwenye sabufa magitaa hayo huwa kitu kimoja. Kwenye spika zake yaliachana, ukaweza kumfuata mpigaji mmoja toka mwanzo wa wimbo mpaka kwenye chemko. Gharama yote, sponji na ufundi, haikufika nusu ya bei ya sabufa mpya. Huo ndio ushahidi wangu mkubwa kwamba jina lina thamani, ukijua limekaa wapi.

Kuna hatari moja imebaki, nayo inawaumiza watu wa kipato cha kati kuliko wote: feki. Vispika vya bluetooth vya JBL huigwa sana. Mtu anakutana na winga, yule dalali wa mtaani, pale Msimbazi, anaambiwa orijino, bei inashushwa kwa sababu "tajiri anafunga duka", cha juu cha winga kimeshawekwa, na anaondoka akiwa amepigwa. Beba mizani, hata ya sokoni. Charge 5 halisi ina uzito wa gramu 960. Ya uongo huwa nyepesi, na nyingine zimeongezewa chuma ndani, kwa hiyo mizani pekee haitoshi. Iunganishe na programu ya JBL kwenye simu yako palepale dukani. Ikiwa halisi, programu inaitambua kwa jina lake. Dai risiti ya EFD, kwa sababu bila risiti huna waranti wala pa kulalamikia, na Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, itakuuliza ulinunua wapi.

Na ninyi wenye ndugu ughaibuni, someni kibandiko kabla hamjachomeka. Yule mama wa Chamazi spika ilimfikia kweli, ikiwa imeandikwa AC 120V, 60Hz. Umeme wetu ni volti 230.

"Mama, uliichomeka moja kwa moja?"

"Ndiyo mwanangu, si nilinunua adapta? Plagi iliingia vizuri tu."

Adapta inabadili miguu ya plagi, haibadili umeme. Transfoma yake ilikuwa imeungua mpaka harufu inasikika kabla ya kufungua boksi. Niliisuka upya kwa volti 230 na inapiga hadi leo, kwa sababu ilikuwa mashine ya zamani yenye transfoma ya chuma. Ingekuwa ya kisasa ya volti 120 pekee, ningemrudishia mfu.

Kwa mwenye laki tano au sita leo, ushauri wangu ni huu. Tafuta jozi ya mtumba isiyo na umeme ndani, ya kampuni yenye heshima, Kijapani au ya Ulaya, koni nzima, mpira badala ya sponji ikiwezekana. Jozi nzuri hupatikana kwa laki mbili hadi tatu ukiwa na subira. Tafuta ampulifaya inayotumia transista kama 5200 na 1943, zinazopatikana kila kona ya Kariakoo. Nenda na fundi unayemwamini, umlipe muda wake. Inayobaki nunua stebilaiza, na umeme ukikatika chomoa, usichomeke mpaka utulie. Mwenye laki moja na nusu anunue sabufa kwa amani, aisome nyuma badala ya mbele, na aitoe kona. Mwenye milioni nne na nyumba yake Tegeta, chumba kikubwa, umeme uliotulia, anunue KEF au Bowers & Wilkins mpya zenye waya mbili nyuma; hatajuta, na wanawe watazirithi. Lakini saundibaa ya milioni mbili, au spika ya kisasa inayotaka programu na mtandao ili iongee, katika mtaa ambao umeme unapanda na kushuka na bodi yake haipatikani, siwezi kumshauri mtu wa Temeke ainunue, hata ikiwa na jina kubwa kuliko yote duniani. Kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja mbele ya mashahidi: ikiharibika, nani hapa Dar es Salaam ataitengeneza, na kipuri chake kiko duka gani? Akishindwa kukutajia duka, weka pesa yako mfukoni.